Koti la Marehemu wa Udachini

Reli ilipofika Moshi, mimi nilikuwa kijana mwenye swali moja kichwani: treni inageukaje? Kila aliyerudi kutoka huko nilimshika njiani nikamuuliza. Wapagazi waliniambia kuwa ni ndefu kuliko ukuta wa boma, inakunywa maji kuliko kundi la ng'ombe, na inapiga kelele ikifika na ikiondoka. Sawa. Lakini reli yenyewe ilikuwa imeishia palepale Moshi. Sasa kitu kirefu namna ile, kisicho na shingo, kikifika mwisho wa njia kinageukaje kurudi Tanga? Mmoja alisema watu mia wanaibeba. Mwingine alisema haigeuki kabisa, inavunjwavunjwa, na Tanga wanaunda nyingine. Askari mmoja wa boma alinishauri niache kuulizauliza mambo ya serikali kabla serikali haijaanza kuniuliza mimi.

Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na sababu ilikuwa dirisha. Pale misheni walinikalisha karibu na dirisha lililotazama njia ya Ngaramtoni, na kwenye njia ile kulikuwa na mambo mengi kuliko ubaoni. Siku moja alipita Kaburu na gari lake likikokotwa na ng'ombe kumi na sita. Nikatoka kidogo tu, nione anavyowafunga. Nilirudi baada ya siku tisa. Mwalimu hakunipiga. Alinifungulia mlango, akaniambia kwa upole kwamba upande wa nje ndio wangu. Tangu hapo nilikuwa nimechimba mifereji, nimechunga kondoo wa watu Oldonyo Sambu, nimeswaga punda, na hakuna kazi iliyonishika zaidi ya mwezi mmoja.

Basi nikasikia kwamba mfanyabiashara mmoja wa ngozi anatafuta tarishi wa kwenda Moshi. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Pangani, mwenye duka karibu na boma. Alinunua ngozi za ng'ombe na mbuzi kwa watu wa mlimani, akazipeleka Moshi kwa punda ili zipande treni. Goti lake lilikuwa bovu, hakuweza kwenda mwenyewe. Nikamwendea mbio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha, barua si yako." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nilikuwa nimejifunga shuka moja, tena si nzima. "Lakini hivyo huendi. Mwezi uliopita nilimpeleka kijana wa shuka kama wewe. Mdachi wa reli alimwacha nje siku mbili, mvua ikazinyeshea ngozi zangu. Wale wanatazama nguo kwanza, barua baadaye. Jumatatu punda wanaondoka. Uje na koti. Huna koti, kaa na mama yako."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Arusha nzima wakati ule waliokuwa na koti walikuwa Wazungu, Wahindi wachache, na mkalimani wa boma, ambaye watu walisema analala nalo. Lakini Jumamosi ilikuwa siku ya sanduku.

Nieleze kidogo. Kila mwaka akina mama wa makanisa ya Udachini, ambako leo mnaita Ujerumani, walikusanya nguo zilizobaki majumbani, nyingi zikiwa za waume waliokufa, wakazitia kwenye sanduku kubwa na kuzituma misheni kuwasaidia maskini wa Afrika. Mke wa mchungaji, tuliyemwita Bibi, alizipanga kwenye viti vya kanisa. Hakumpa mtu bure. Alisema cha bure humharibu mtu, kwa hiyo nguo zilinunuliwa kwa mawe: unateremka mtoni Themi, unabeba jiwe, unalipandisha mpaka kwenye ukuta wa kanisa uliokuwa ukijengwa. Na uchaguzi ulikuwa kwa zamu. Wazee wa kanisa kwanza, kisha walimu, kisha waliobatizwa, kisha wanaojifunza, na mwisho kabisa wengineo. Wengineo nilikuwa mimi.

Siku mbili nilibeba mawe, na Jumamosi asubuhi nikasimama mlangoni na shingo iliyoingia mabegani. Nililiona palepale, kwenye kiti cha tatu. Koti jeusi la sufu, kola yake inang'aa kama manyoya ya kunguru, mbele fupi, nyuma lina mikia miwili mirefu hadi magotini. Nilikuwa nimewahi kuwachungulia maofisa wa boma siku ya sikukuu ya mfalme wao, nikajua koti la namna ile halivaliwi na mtu wa kuachwa nje.

Wazee wa kanisa wakaingia. Niliwahesabu kama mtu anayehesabu fisi. Wa kwanza alichukua blanketi. Wa pili alilinyanyua koti langu, akalizungusha, akamwita mwenzake.

"Tazama hili. Limeliwa na panya mbele."

"Si panya," mwenzake akasema. "Fundi alianzia nyuma, kitambaa kikamwishia njiani."

Wakacheka, wakaliacha, wakachukua soksi za sufu za kuvaa kichwani. Wa tatu, mzee mnene mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, hakucheka. Alilipapasa koti kwa makini, akalikunja, akalitia kwapani. Moyo wangu ukateremka hadi Themi. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa dirishani?"

"Ndiye. Mzee, hilo koti utalivaa wapi?"

"Kulivaa? Nina ndama anaharisha. Baridi ya huku inamuua. Nitamfunika."

Ndama! "Mzee, ndama ataling'ata. Na wewe mwenyewe Jumapili utasimama mbele ya watu na nini? Kile pale hukukiona?" Nikamwonyesha kanzu moja nyeupe, laini, ndefu hadi chini, yenye vitambaa vya kutobolewatobolewa shingoni na mikononi. "Ile ni ya mtu mkubwa. Tazama kazi ya shingoni."

Mzee akaishika. Akaipima kifuani. Uso ukamkunjuka.

"Umesoma kumbe," akasema, akaliweka koti chini.

Jumapili ile aliongoza nyimbo akiwa ameivaa. Wazungu wa kanisani walianza kukohoa mmoja baada ya mwingine, na Bibi akawa mwekundu mpaka masikioni, akayainamia magoti yake hadi ibada ikaisha. Miaka mingi baadaye, nilipofanya kazi ya kufua katika nyumba ya Mzungu, ndipo nilipojua kuwa ile ilikuwa nguo ya kulalia ya mwanamke. Lakini hakuna aliyemwambia mzee, na kwa kweli ilimkaa.

Walimu walichagua suruali. Waliobatizwa walimaliza mashati. Wanaojifunza waligombania kitu kimoja chenye kamba na vijiti ambacho hatukujua kinavaliwa sehemu gani ya mwili. Aliyekipata akamfungia punda wake. Zamu ya wengineo ilipofika, vilibaki kofia mbili za watoto wachanga, kiatu kimoja cha kushoto, na koti langu. Nililivaa hapohapo. Mikono ilinipita hadi kwenye kucha, lakini mabega yalikaa kama nimepimwa. Bibi aliniangalia, akasema kitu kwa lugha yake na kutikisa kichwa, nami nikatoka upesi kabla hajapata neno la Kiswahili.

Nyumbani kwetu mlimani, mama yangu alikuwa akikamua. Alilizunguka koti mara mbili, kama ng'ombe mgeni aliyeingia zizini.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Udachini, yeyo," nikamjibu; yeyo kwetu ni mama.

"Anajua umelichukua?"

"Amekufa."

Akarudi nyuma hatua moja. "Amekufa kwa nini?"

"Sijui."

"Nguo ya mtu iko mgongoni kwako, na hujui kilichomuua. Ana watoto?"

"Yeyo, ni koti tu."

"Hilo la mikia miwili ndilo unaliita koti tu?"

Jumapili mchana nilimwomba jirani aninyoe, nikateremka mtoni kuoga nionekane mtu wa Moshi, na koti nikalianika kwenye ugo wa zizi lipigwe na jua. Nilirudi nikiimba. Wimbo ulinikatikia mlangoni.

Koti lilikuwa jekundu. Si jekundu la rangi ya dukani. Lilikuwa jekundu kama morani aliyetoka kunyolewa na kupakwa udongo mwekundu, linametameta, linadondosha matone chini ya ugo, na nzi walikwisha kupata habari. Mama alikuwa amekaa chini akijifuta mikono, ametosheka kabisa.

Kwetu, kitu cha mgeni hakiingii hivihivi nyumbani, na cha marehemu ndiyo kabisa. Hupakwa mafuta ya mkia wa kondoo, kikaombewa. Tena ngozi zetu zote za kuvaa huchanganyiwa mafuta na udongo mwekundu ili zilainike. Mama alifanya yote mawili kwa mara moja. Ila ngozi ina kiasi chake, ikishiba inakataa. Sufu ya Udachini haikujua kushiba.

"Lilikuwa kavu kama ngozi iliyosahauliwa juani," akaniambia. "Limekunywa mkia mzima na bado lina kiu. Lakini nimeliombea. Sasa ni lako. Yule mwenyewe hataliulizia tena."

Nililisugua kwa majivu. Nililisugua kwa mchanga. Majivu na mchanga vikabaki humohumo. Jumatatu asubuhi nikalivaa nikashuka mjini, na mama akaja nyuma yangu ili auone uso wa mtu anayempeleka mwanawe Moshi.

Mzee wa Pangani alikuwa barazani, punda wamekwisha kufungwa mizigo. Alinusa kabla hajaniona.

"Nini hiki?"

"Koti, mzee. Ulisema koti."

"Nilitaka tarishi, sikutaka mshikaki!" Akajiziba pua kwa kanzu. "Mimi ni mtu wa ngozi, kijana. Miaka ishirini pua yangu iko kwenye ngozi mbichi. Na nasema unanuka."

Mama, ambaye Kiswahili hakukijua, akaniuliza kwa Kimaasai: "Anasema nini?"

"Anasema linang'aa."

"Mwambie kondoo niliyemchinjia koti hili alikuwa na mimba."

"Mama anasema amekuombea na wewe," nikamwambia mzee.

Mzee akatutazama mmoja mmoja. Niliona ananipima upande huu na mvua upande ule. Mawingu yalikuwa yameushika Meru hadi kiunoni, na kijana wa shuka hakuwa amesahaulika. Hakukuwa na koti lingine mjini la kuazima, isipokuwa kumwamsha mkalimani.

"Nenda," akasema hatimaye. "Utatembea nyuma ya punda wa mwisho. Barua huishiki kwa mkono. Na ikipata doa usirudi, panda hiyo treni uende kwa mwenye koti."

Barua ilipachikwa kwenye ufito uliopasuliwa ncha, kama matarishi walivyofanya wakati ule, ila wangu ulichaguliwa mrefu kuliko fito zote zilizokuwapo. Nikaondoka nimeunyoosha mbele kama mtu anayevua samaki. Mama akanitemea mate ya baraka kwenye kola.

Tulikwenda siku tatu, mimi na wenye punda. Kila tulipopita karibu na nyumba, mbwa walijiunga nasi, hawabweki, wananifuata tu kwa heshima huku wakiilamba mikia ya koti. Vumbi la Usa likanishika, na la mbele likashika juu ya la Usa. Mvua ilinyesha siku ya pili. Ngozi tukazifunika turubai, wenye punda wakalowa hadi mifupa, mimi maji yaliniteleza kama bata. Nikaanza kumheshimu mama. Lakini kadiri Moshi ilivyokaribia ndivyo nilivyoyawaza maneno ya mzee: wanatazama nguo kwanza. Nikijiangalia, sikuona koti. Niliona shamba.

Stesheni, karani mmoja mweusi mwenye shati safi alinizuia mlangoni. Aliuliza kama nimetoka kuchinja au kuchinjwa. Nikasema nina barua ya Mzungu wa reli. Akanyoosha kidole, si kwenye ofisi, bali chini ya treni.

Ndiyo kwanza nikaiona. Sitaieleza, kwa sababu wakati ule nilikuwa natazama miguu miwili iliyotokeza katikati ya magurudumu. Miguu ikasogea, akatoka mtu. Alikuwa Mdachi, nadhani, lakini ungehitaji kumkwangua ili uwe na hakika. Alikuwa na mafuta meusi kwenye nyusi, kwenye ndevu, ndani ya masikio. Akasimama, akaniangalia. Nikausogeza ufito. Hakuitazama barua. Alishika mkia mmoja wa koti langu, akausugua kwa vidole viwili, akanusa, akamuuliza karani kitu.

"Bwana anauliza ni mafuta ya nini."

"Kondoo," nikasema. "Mkia."

Karani akatafsiri. Yule bwana akaitikia kwa kichwa polepole, kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake, akaichukua barua, akaisoma palepale, akaiachia doa jeusi la kidole gumba katikati. Ngozi zikapokelewa saa ileile, nami nikapewa majibu ya barua. Hazikuloa hata moja.

Nikakaa juu ya jiwe.

"Unangoja nini tena?" karani akauliza.

"Igeuke."

"Nini igeuke?"

"Treni."

Akawaita wenzake. "Njooni mmsikie huyu wa Meru." Wakaja, wakakaa nami, wakila karanga. Kichwa cha treni kikafunguliwa kutoka kwenye mabehewa, kikaenda mbele kidogo, kikaingia reli ya pembeni, kikayapita mabehewa yote kinyumenyume, kikafungwa upande wa pili. Kikapiga kelele, kikaondoka kuelekea Tanga kinyumenyume, uso ukiwa bado unatutazama sisi, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme.

"Basi?" nikauliza. "Ni hivyo tu?"

"Ulitaka icheze ngoma?"

Nilikasirika kwa muda wa karanga chache. Kisha nikampa mmoja wa wenye punda majibu ya barua, pamoja na ufito wake, nikamwomba amsalimie mzee na amwambie mama koti halivuji. Nikamuuliza karani Tanga ni siku ngapi kwa miguu.

"Una kazi gani Tanga?"

Nikamwambia nataka kuona kama na huko nako hawaigeuzi.