Mkubwa Wasiyemsifu

Nilikuja Mombasa na tasnifu ambayo nusu yake ilikuwa kwenye mkoba na nusu bado kichwani. Nilikuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika uongozi na mienendo ya watu kazini, na nilitaka ofisi moja ndogo niikalie mpaka niielewe. Nikapata kampuni ya kutoa mizigo bandarini, si mbali na chumba nilichopanga Ganjoni. Mkubwa wa ofisi alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa mtaa wa Kuze, buibui lake halina hata mkunjo. Siku ya kwanza tu nikajua nimempata niliyekuwa nikimtafuta.

Kila asubuhi, kabla hajaketi, alipita meza kwa meza akisalimia. Si ile salamu ya kurushiana mkipishana, kama tulivyozoea kwetu bara. Alisimama. Sabalkheri, umeamkaje, nyumbani hawajambo, yule mtoto homa imemwachia? Mimi ni mtu wa haraka, chai naimeza ikiwa moto, na nilidhani nitachoka kusubiri. Lakini nilipotega sikio nikagundua kwamba kati ya homa na habari za mashemeji ndimo ilimopita kazi yote: hati iliyokwama forodhani, dereva anayekataa lori bovu. Akifika kitini kwake alikuwa ameshaijua siku nzima. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wasomi isiyozaa nusu ya hayo.

Kisha ikaja siku ya karani. Huyu karani alikuwa Mkristo wa bara kama mimi, naye alikosea kuandika aina ya bidhaa kwenye hati za forodha. Kontena likazuiliwa, na mwenye mzigo akaja akifoka tangu ngazini. Mkubwa akatoka, akamsalimu salamu kamili, akasema, "Kosa ni letu, babangu. Karibu ndani." Karani alikuwa ameinamisha kichwa akingoja zamu yake ya kukemewa. Haikuja. Mteja alipoondoka, yule mama alivuta kiti, akaketi kando ya karani, wakaziandika hati upya pamoja. Alichomuuliza ni kama mkewe amejifungua salama. Nilimpenda hapohapo, na sioni haya kusema hivyo.

Kwa hiyo wakati wa mahojiano ulipofika nilikuwa nimeshazitengea nafasi sifa zake. Niliweka simu mezani irekodi, nikamuuliza kila mmoja, mkubwa wenu ni kiongozi wa namna gani?

"Wa kawaida tu," akasema wa kwanza.

"Si haba," akasema wa pili.

Mama anayepika chai alifikiri kwa muda, nikapata matumaini. "Mtu kama watu," akasema, akachukua vikombe vyake.

Nilikasirika kwa niaba ya mkubwa wao. Niliwaona watu wasio na shukrani, na usiku sikula vizuri. Msimamizi wangu naye alipoyasoma hayo mahojiano akanipigia simu kutoka chuoni. "Kizuri chajiuza," akasema. "Hiki chako wenyewe hawakinunui. Tafuta ofisi nyingine." Kutafuta ofisi nyingine kulikuwa ni kuanza upya, na likizo yangu ya masomo ilikuwa ukingoni. Nikianza upya, shahada imeniponyoka.

Nikamfuata karani. Nikamwambia, wewe alikukinga nikaona kwa macho yangu, hata wewe unaniambia ni wa kawaida?

Alitazama kwanza kama mlango umefungwa. "Dada, wewe hapa ni nani?"

"Mtafiti."

"Mgeni," akasema. "Mgeni na simu inayotunza maneno, yaende yakasikilizwe na watu tusiowajua. Hapa mtu wakimpenda hawamsifu hivyo. Wakimsifu, atapatwa na jicho baya."

Nikamuuliza, yeye mtu wa kanisa na wa bara, tangu lini akaogopa kijicho? Akacheka.

"Mimi siamini sana," akasema. "Lakini kwa yule mama, sijaribu."

Nilirudi kwenye meza yangu nikajicheka. Siku zote zile nilikuwa nikipewa mapenzi, nami nikiyaandika kama lawama. Nikalifuta lile swali. Badala yake nikawaomba wanisimulie siku ambayo mambo yaliharibika, na hapo walifunguka mpaka simu ikaishiwa na chaji. Yule mama wa chai alikuja mwenyewe bila kuitwa.

"Nilipofiwa na mamangu," akasema, "alifunga ofisi mchana, akaja matangani na watu wote. Akaingia jikoni kwetu, akaosha masufuria. Na mimi ndiye nimtengezeaye chai." Akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. Sifa hakutoa hata moja.

Msimamizi alipoyasoma hayo hakutaja tena ofisi nyingine. Tasnifu ikapita, bila jina la mkubwa wala la kampuni, nami nikampelekea nakala yake. Nilimkuta na mgeni, mfanyabiashara aliyetoka ng'ambo kutafuta wakala wa mizigo yake.

"Huyu ndiye daktari mliyeniambia?" akauliza mgeni.

Mkubwa alinitazama tangu kichwani mpaka viatuni. "Yuwajaribu," akasema. "Si haba."

Jopo lililonitahini liliniita hodari, nikashukuru nikaenda zangu kula. Kwa haya maneno ya mkubwa, machozi yalinilenga.

Mgeni akanigeukia akitabasamu. "Na wewe uliyemchunguza muda wote huo, huyu mama ni kiongozi wa namna gani?"

Karani aliacha kuchapa. Nilikuwa na jibu mkononi, sura baada ya sura, limejalidiwa vizuri.

"Wa kawaida tu," nikasema.