Saa Saba Bila Sahani

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nalisema mapema ili mtu asinionee huruma bure. Ilikuwa siku ya pili ya Ramadhani, mvua ya masika imeanza Kieni, na pale mji mdogo wa Chaka duka letu la mbegu na mbolea lilikuwa limejaa wakulima hadi barazani. Tulikuwa wafanyakazi watatu: mimi kwenye kaunta, mwanamke mmoja wa kutoka Endarasha aliyekuwa keshia, na jamaa wa kubeba magunia. Saa saba ilipofika, saa ya kula, nikawaambia wenzangu, "Nendeni nyinyi mkule. Mimi nimefunga, nitashika kaunta."

Nilijiona mtu mwema sana.

Kesho yake hawakuuliza. Waliinuka tu. Kabla wiki haijaisha, mwenye duka, mama mchangamfu aliyetuita sote watoto wake, alikuwa ameshapanga mambo yake akijua kwamba saa saba mimi nipo. Mimi hukaa mtaa wa Majengo, na mwezi ule niliamka kula daku kabla ya alfajiri, kwa hiyo ikifika mchana miguu ilikuwa ikiniuma hadi nyongani. Adhuhuri niliiswali haraka katikati ya magunia, huku mteja akigonga kaunta kwa funguo. Sikulalamika. Nilijiambia ni mwezi mmoja tu.

Siwezi kusema mama mwenye duka alikuwa mbaya. Jioni moja alinipa pakiti ya tende akaniambia, "Shika, ufungue na hii." Nilimpenda siku hiyo. Mpaka leo nikizikumbuka tende zile sijui nicheke au ninune.

Idd ikapita. Siku niliyorudi kazini nilibeba chapati na ndengu, na saa saba nikaanza kuvua koti la kazi. Mama akanitazama kana kwamba nimevua nguo zote.

"Wewe si ndio hushika kaunta saa hii? Kula hapo hapo. Mteja akikuja unamhudumia."

Nikala nimesimama, kijiko mkono huu, mzani mkono huu. Niliuza mbegu za mahindi chapati ikiwa mdomoni. Siku ya tatu nilikasirika hadi nikaifunika chapati bila kuimaliza, na sikumkasirikia yeye peke yake; nilijikasirikia na mimi.

Nyumbani nikachomoa barua yangu ya kazi kutoka kwenye bahasha ninamoweka cheti cha kuzaliwa. Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, iliandikwa, na saa moja ya mapumziko katikati. Mama aliitia sahihi mwenyewe. Nikaomba ruhusa ya asubuhi moja, nikaipeleka katika ofisi ya leba mjini Nyeri, wanakosikiliza malalamiko ya wafanyakazi.

Afisa aliyenipokea aliisoma polepole. "Nani alikuambia ushike kaunta?"

"Nilijitolea mwenyewe." Aibu ilinijaa usoni.

"Ulijitolea siku ngapi?"

"Moja."

"Basi hii saa ni yako," akasema, akiigusa karatasi kwa kalamu. "Ukule, ulale, uangalie watu wakipita, hiyo ni shauri yako. Ukifanyishwa kazi hapo juu ya masaa yako, hiyo inaingia kwa ovataimu, na ovataimu inalipwa. Mwambie kwanza, kwa heshima. Akikataa, rudi hapa."

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, kwa heshima yote. Uso ulimshuka. Nadhani niliumiza kitu ambacho sikukusudia kukigusa.

"Kwani mimi nimekunyima chakula? Si hata tende nilikununulia?"

"Ulininunulia, mama, na nilishukuru. Lakini naomba saa yangu."

"Wasichana wa kutafuta kazi ni wengi hapa Chaka," akasema bila ukali, kama mtu anayetaja mvua. Nilijua ni kweli. Kodi ya chumba changu na karo ya mdogo wangu zilitoka kwenye kaunta ile. Niliogopa kwelikweli, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Kesho yake nilikuwa nimefunga tena, moja ya zile siku sita za Shawwal zinazofungwa kwa hiari baada ya Idd. Ingekuwa rahisi kungoja siku nyingine, siku ambayo nina chapati ya kuonyesha. Nikakataa kungoja. Saa saba nikavua koti, nikalitundika, nikatoka na kuketi kwenye benchi la barazani, mbele ya wakulima wote, mikono mitupu.

Mama akanifuata. "Ati umeenda lanchi? Na si umefunga?"

"Nimefunga, mama. Napumzika."

"Unapumzika ukifanya nini?"

Nikanyoosha miguu mbele yangu. Watu wakamwita kutoka ndani, akaenda kushika kaunta mwenyewe. Nilimsikia akiitafuta dawa ya viazi kwenye rafu isiyo ya dawa hiyo, na mwili wote ukataka kuinuka nikamwonyeshe. Iko rafu ya chini, kushoto. Nikaling'ang'ania benchi kwa mikono miwili.

Ndipo yule keshia alipotokea nyuma ya duka. Kila siku alikula githeri yake kwa dakika kumi, akaosha bakuli, akarudi kwenye pesa, maana chakula kikiisha tuliamini mapumziko nayo yameisha. Bakuli lilikuwa limeshaoshwa, linadondosha maji mkononi mwake. Akatazama kaunta. Akatazama saa ya ukutani.

"Ni saa saba na robo tu," akasema. "Hebu sogea."

Nikasogea. Jamaa wa magunia alingoja siku mbili aone kama tutafutwa kazi. Hatukufutwa, na siku ya tatu naye akaja kuketi.