Mbuzi Wangu wa Ntheo Wamo Ndani ya Simu

Hapana, hanipigi, halewi, na hana mwanamke mwingine kama wengi wenu mlivyokisia kwenye komenti za posti yangu ya jana. Ndiyo maana nimemwomba admin wa kundi hili aweke kisa chote na afiche jina langu. Bwanangu ananipenda jamani! Hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nina miaka ishirini na nne, nilimaliza kidato cha nne, naishi Machakos mjini na ndoa yangu ina miezi miwili tu. Bwanangu ni fundi wa kuchomelea mageti kule Kyumbi. Jioni akirudi ananukia chuma na moshi, na mkononi ana parachichi moja amelifunga kwa gazeti kama zawadi ya sikukuu. Mpaka leo nikisikia anafungua mlango, moyo unaruka.

Sasa, sisi Wakamba tuna ntheo. Mbuzi watatu wasipopelekwa kwa wazazi wa msichana, hajaolewa, hata awe na pete na cheti cha kanisa. Baba yangu, yuko Masii, alikubali tufunge ndoa kwanza kwa ahadi kwamba mbuzi watafuata. Bwanangu alikuwa akiweka akiba yao kwenye simu yake kidogo kidogo.

Wiki tatu zilizopita nilimsikia akiongea kwa simu na rafiki yake nje ya nyumba. "Wale watatu wamenona, bro. Jike amezaa mapacha. Jana nimeongeza dume, kubwa ajabu!" Nilisimama na sufuria mkononi nikatokwa na machozi ya furaha. Nilijua anawafuga mahali Kyumbi ili anishtukize. Sikuweza kujizuia, nikampigia mama. Mama akamwambia baba, baba akawaalika wajomba wote.

Jumapili nikamkumbatia nikamwambia, "Mpenzi, nionyeshe tu hao mbuzi. Sitamwambia mtu."

"Mbuzi gani?"

"Acha mchezo. Wale wenye mapacha."

Akatoa simu mfukoni polepole. "Hawa?"

Jamani, walikuwa mbuzi wa gemu. Shamba la kijani, zizi lenye taa, mbuzi wanarukaruka. Mmoja alikuwa amemwita jina langu na kumfunga utepe mwekundu shingoni. Utepe pia ulikuwa wa kununuliwa. Nilikuwa na hasira, lakini nilipoona jina langu nikalegea kabisa.

"Si uliniambia hii gemu ni ya bure?"

"Kuingia ni bure, mke wangu. Kile unalipia ni wasikufe."

Akanieleza kila kitu akiangalia chini. Mwanzoni alipewa nyasi, maji na zizi bila kulipa chochote. Alipowazoea, wakaanza kuugua. Dawa inauzwa kwa almasi, na almasi inanunuliwa kwa pesa ya simu. Usipolipa, saa inahesabu kurudi nyuma huku mbuzi analia. Akiwa kazini, simu inamwandikia: "Wapendwa wako wana njaa." Alikuwa akilipa kidogo kidogo, kila mara akisema ni ya mwisho, mpaka akiba ya ntheo ikaisha.

"Basi wauze hao!" nikamwambia.

"Ukiuza unapewa almasi. Na almasi haitoki kwa simu."

Tuliandikia wenye gemu. Tukajibiwa na mashine: asante kwa kucheza nasi, pokea fungu la nyasi. Wa kugombana naye yuko wapi? Hakuna duka, hakuna mlango wa kubisha. Basi nikachukua simu niifute gemu mwenyewe. Yule mwenye jina langu akasogea mbele ya kioo, machozi yanamtoka, na maneno chini yake: "Kweli unaniacha?" Mnaweza kunicheka, lakini kidole changu kilikataa. Bwanangu alikuwa ameketi kitandani amefunika uso, nami nikaketi kando yake. Mpaka leo wamo humo wanakula.

Nikimwambia baba ukweli, atamwona mkwe wake mjinga asiyefaa kupewa mke, na mimi najua si mjinga. Ni mtu wa huruma sana, na kuna watu wameketi mahali wakaigeuza huruma yake kuwa biashara. Nikinyamaza, wajomba watakuja kwa baba kukaa kwenye viti wakingoja mbuzi ambao hawawezi kushuka kutoka kwenye kioo. Ninyi mlio kwenye ndoa, niambieni, mngeanzia wapi?

Nikiwa bado naandika haya, mama amepiga, nami nimeweka spika. "Mwiitu wakwa, binti yangu, baba yako amemaliza kurekebisha zizi. Anauliza, huyo dume ana pembe?"

Nikamwangalia bwanangu. Akatikisa kichwa kuonyesha ndiyo.

"Ana pembe, mama," nikasema. "Tutakuja kabla mwezi uishe."