Seva Yangu Ilivyomgeuza Baba Kuwa Jambazi

Jamani, mwenzenu niliumbuka mbele ya wakwe, tena si wakwe zangu, ni wa mdogo wangu Adela, na hadi leo nikiona hiace ya kwenda Kimuli, kwa hao wakwe, pale stendi ya Kayanga natazama pembeni.

Nyumbani kwetu mimi ndiye ninayejifanya fundi. Nilichukua kompyuta kuukuu nikaifanya seva, video zote za familia zikaingia humo, ukitaka kutazama unachagua kwenye runinga ya sebuleni. Video zenyewe zina majina ya namba tu, vile simu ilivyozipa, ila pembeni ya kila moja kulikuwa na kifaili kidogo cha maandishi kinachoiambia seva hii ni shughuli gani na anayeongea ni nani. Moja ilikuwa ya marehemu baba, tuliyemrekodi akiwa mgonjwa, maana alitaka siku Adela anachukuliwa kuolewa wageni wasikie kwake mwenyewe kwamba amemtoa kwa moyo. Na Adela alishatuambia wazi, "Baba asiposema, mtu mwingine asinisemee."

Sasa asubuhi ya siku yenyewe nikaona niisafishe seva iwe nyepesi, nikavikuta vile vifaili, nikajiambia uchafu wote huu wa nini, nikavifuta (nafasi niliyopata haitoshi hata picha moja ya mbuzi!). Seva ikabaki haijui kitu, ikaingia mtandaoni ikaanza kubahatisha kila namba ni sinema gani.

Wageni wameshakula, wametulia, baba mdogo akaniambia, "Haya fundi, tuwekee mzee." Nikawasha runinga. Maawe! Kila video ya kwetu imevishwa picha ya sinema ya Kizungu: huku mwanamke aliyevaa kitambaa kisichozidi leso, kule jambazi na bunduki mbili, na katekista amekaa mbele kabisa. Kwa kiwewe nikabonyeza ya kwanza niliyoiona, na (nijifiche wapi mimi!) ikawa ile tuliyorekodi jioni hao wageni walipokuja kujitambulisha wakaondoka, shangazi Koletha anamwigiza mjomba wa bwana harusi anavyokula ndizi kafumba macho, sisi tumelala chini kwa kicheko. Na mjomba mwenyewe yuko pale, sahani bado mkononi.

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Adela akaniangalia, machozi yanamlengalenga, akauliza polepole, "Dada, umemfuta baba?"

Yule mjomba akaweka sahani chini, akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Waitu, ndugu zangu, huyu mama ameniweza! Binti, tafuta taratibu, ng'ombe nimewaachia mtu."

Nikafungua moja moja, ndama anazaliwa, kipaimara, mara mvua tu inanyesha, mpaka nikambonyeza yule jambazi wa bunduki, na baba akatokea na sweta lake, anauliza kama inarekodi. "Wageni wangu," akasema, "Adela ni mzito kuamka, msimfokee, akishaamka anafanya kazi ya watu wawili. Nimewapa kwa moyo wote." Mjomba akavua kofia, akasimama, akaijibu runinga kama anaongea na mtu: "Tumempokea, ndugu yetu." Nililia jamani, lakini nililia kwa raha.

Nimeapa sitafuta tena kitu nisichojua kazi yake, na vile vifaili naviandika upya, kimoja baada ya kingine. Nilianza na cha baba. Nilimpigia Adela huko kwake Kimuli nikamuuliza niandike nini.

"Andika, baba anamtoa Adela," akasema. "Ongeza hapo, na wakampokea."