Mbuzi wa Shangazi na Bei ya Maji

Nimetangatanga kuanzia Waa hadi Majoreni, lakini kila nionapo mipira ya hoteli za ufukweni Galu ikinyunyizia nyasi maji mchana kutwa, hukumbuka mkutano wa maji wa kwetu, upande mkavu wa Kinango.

Mji ulikuwa umekua ghafla. Wageni kutoka bara walijenga vyumba vya kupanga, na bomba letu la pekee likawa na foleni ya mitungi tangu alfajiri. Dizeli ya pampu nayo ikapanda, basi kamati ikaitisha mkutano ipange bei upya. Shangazi yangu, aliyenilea, alikwenda amejifunga kibwebwe. Alikuwa na mbuzi wengi kuliko mitungi. Bei ikipanda, ingembidi awauze.

Mwenyekiti, mtu wa bara mwenye duka la mabati na vyumba vya kupanga, alitaja bei ya mtungi. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza, "Na mpita njia mwenye kiu, naye alipe?"

Tukaona haya sote. Kwetu maji ya kunywa hayauzwi. Mgeni huchotewa kwa kata, akashukuru, akaenda zake. Mwenyekiti, kwa kutaka kupendwa, akatangaza kuwa anayekunywa papo hapo bombani halipi, alipe anayebeba. Tukapiga makofi. Shangazi alipiga kuliko wote, nami nikashangaa.

Asubuhi alinituma nimswagie mbuzi hadi bombani. Beseni alilibeba mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema mwenyekiti, aliyekuwa bombani akikusanya pesa, macho kwa mbuzi. "Na hawa?"

"Marahaba, baba. Wamekuja kunywa."

"Mama, tulisema watu!"

"Ulisema anayekunywa papo hapo. Haya, mtazame yule beberu. Amebeba nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti alijikaza, akashindwa, akacheka naye.

"Lakini mama, dizeli ikiisha, wewe na hao mbuzi mtakunywa nini?"

Shangazi akalitua beseni chini. "Basi nitoze. Ila unitoze kama mfugaji, usinitoze kama wapangaji wako."

Kamati ikaweka bei ya mifugo, nafuu kuliko ya mtungi. Shangazi hakuuza mbuzi hata mmoja. Beberu tu ndiye aliyechinjwa Idi ilipofika, na Shangazi akampelekea mwenyekiti paja zima hadi dukani.

"Hili ni la kubeba, baba," akamwambia. "Lakini leo hulipi."