Mstari wa Nyangau

Watu wa Nyaramba walipenda kumcheka Drusilla kwamba hana mtoto ila ana watoto wa kijiji kizima. Walicheka huku wakimwachia watoto haohao kila asubuhi ili wao waende kuchuma chai, kwa hiyo mimi niliyekuwa nikipika uji wa chekechea yake, katika chumba cha kanisa, sikuona cha kuchekesha. Drusilla aliishia darasa la saba, mume alimwacha kwa kukosa kuzaa, na alichobaki nacho ni mashairi. Aliyatunga mwenyewe kwa Kikisii, na hata mtoto ambaye hajajua kuomba maji aliweza kuyafuata.

Shairi walilolipenda zaidi watoto ni lile la kwenda mtoni. Walijipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na mstari wake. Kwa Kiswahili halina utamu ule, lakini lilikwenda hivi:

Nani yuko mbele? Alfayo, na kibuyu chake.
Nani yuko nyuma ya Alfayo? Nyangau, na jani la mgomba.
Nani yuko nyuma ya Nyangau? Esnah, na ngata kichwani.

Mwaka wa 1971 surua ikaja, ikamchukua Nyangau. Hakuwa ametimiza miaka minne. Watoto waliendelea kusema shairi lao, jina lake likiwamo. Mama yake, Bonareri, alikuwa akipita barabarani kwenda kuuza majani ya chai, kikapu mgongoni. Siku moja aliingia, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, nakuomba umtoe mwanangu humo," alisema. "Siwezi kupita hapa."

Drusilla akamtoa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Esnah, mdogo kuliko wote, zamu ilipomfikia aliacha mstari wake, akaanza kumtafuta wa mbele yake. "Mimi niko nyuma ya nani?" aliuliza, kisha akalia. Wenzake nao wakalia kwa kuwa Esnah analia. Ikawa hivyo kila siku.

Drusilla akafanya kosa. Alimchukua Ishmael, mtoto mgeni, akamweka pale palipokuwa wazi na kumpa jani la mgomba. Alitaka tu Esnah apate wa kumfuata. Ishmael akaenda kujisifu nyumbani na mstari wake mpya, na kesho yake nyanya yake akatufikia akihema.

"Umemweka mtoto wetu mahali pa aliyekufa," alimwambia Drusilla. "Wewe hujazaa, ungejuaje?"

Maneno hayo yalimkata maini. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi na jibu mdomoni, lakini Drusilla alinizuia. Habari zikaenea sokoni, na kufikia Sabato watoto wengi walikuwa wameondolewa. Mzee wa kanisa akasema wazi kwamba wasiporudi, chumba cha kanisa kitapewa kazi nyingine. Drusilla akaacha mashairi yote. Wale wachache waliobaki walikaa kimya wakichora sakafu ya udongo kwa vijiti, naye akikaa nao kwa hofu.

Asubuhi moja Bonareri akaingia tena.

"Mbona siku hizi hamsemi kitu?"

"Si ulikataza, mama Nyangau."

"Nilikataza." Akatua kikapu. "Nyumbani baba yake hataki jina litajwe. Nilikuwa nikilisikia hapa, naumia, lakini nalisikia. Sasa halipo popote."

Aliwapanga watoto yeye mwenyewe, akaingia kati ya Alfayo na Esnah.

"Nani yuko nyuma ya Alfayo?" alisema. "Mama Nyangau, na jani la Nyangau."

Esnah alimtazama, akashika leso aliyojifunga mama huyo. "Nyuma ya mama Nyangau ni mimi," alisema.

Wazazi waliposikia kwamba Bonareri mwenyewe yumo, waliona haya wakarudisha watoto. Ishmael hakurudi. Bonareri akawa anafika kila asubuhi ya kuuza chai, anasema mstari wake, anabeba kikapu na kuondoka.

Kisha Esnah na wenzake wakaingia darasa la kwanza. Bonareri alifika kama kawaida, akawakuta wadogo wapya wamekaa sakafuni. Drusilla akamuuliza kama awafundishe mstari wa Nyangau.

"Hapana, mwalimu. Hawa hawakumjua."

Akabeba kikapu chake akaenda kuuza chai. Drusilla akageukia ukuta. Uji uliungua siku hiyo, na mtu asiniulize kwa nini.