Kaseti Iliyokwenda Mbio

Nakumbuka alasiri moja ya mwezi wa saba, upepo wa kijiji chetu cha Issuna unavuma mpaka machozi yanatoka, na mimi nimesimama juu ya jiwe namwambia mwenzangu, "Rudia." Alikuwa amekwisha kurudia mara kumi na kitu. Akarudia. Neno hilo moja, mwanangu Daudi, ndilo linalonitia hofu mpaka leo nikisikia kijana anakohoa baada ya kuimba.

Na wewe jana ulikohoa. Usinibishie! Nilikuwa hapo nje napepeta alizeti, nakusikia wewe na hiyo simu yako. Unaipandia noti, inakukwama, unasafisha koo, unaipandia tena. Halafu nimeona kichupa cha asali ya Rungwa umekisukumia chini ya benchi. Asali ni nzuri, lakini kwa nini uifiche? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Weka simu chini, ukae, nikusimulie. Kuna jina moja nitachelewa kulitaja, univumilie.

Wakati huo nilikuwa kiongozi wa sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, katika kwaya yetu ya kijijini. Kiburi nilikuwa nacho, we acha tu! Kinanda hatukuwa nacho, noti mwalimu aliitoa kwa mdomo, kwa hiyo mwenye redio kaseti ndiye aliyekuwa bwana mkubwa, na redio ilikuwa yangu. Ilikuwa imekufa. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mnadani, akaifungua, akakaza skrubu kwenye mota, ikafufuka. Nikatia kaseti ya kwaya moja ya mjini. Lo! Sauti ya tatu ya watu wale ilikuwa inapaa. Nikasema, hawa ndio wanaume. Zilikuwa zimebaki wiki tatu twende kwenye mashindano Singida mjini, nami nikauchagua wimbo ule uwe wetu wa mazoezi kila siku. Wa kuuanzisha nikamweka rafiki yangu, maana yeye alikuwa na koo zuri kuliko sisi wote. Kuliko mimi pia, na hilo lilinikera, sikufichi.

Basi kwenye kiitikio wimbo ulipanda kupita pale sauti ya kifua ya mwanaume inapoishia. Rafiki yangu akifika hapo, sauti inamkatika, inageuka nyembamba. Vijana wanaangua kicheko, "Mama huyo!" Na aliyeanza kucheka ni mimi. Kwa aibu akaacha kabisa kuiachia ile nyembamba, akawa anaisukuma ya kifua kwa nguvu zote, mishipa imemsimama shingoni. Wiki ya pili akashikwa na mafua. Akanivuta pembeni akaniambia, "Ndugu yangu, koo linawaka moto. Naogopa."

"Kunywa mayai mabichi mawili," nikamjibu. "Mwanaume haogopi noti."

Ndipo tukafika ile alasiri juu ya jiwe, tunaimba kushindana na upepo. Nikamwambia arudie. Akafungua mdomo, ikatoka sauti kama kitambaa kinachanika, halafu kimya. Akainama, akatema mate, na mate yalikuwa na damu. Akanitazama anataka kusema kitu, midomo inacheza, hakitoki hata kijineno. Mwanangu, nilidhani anakufa mbele yangu. Na nikwambie la aibu zaidi: hofu yangu ya kwanza haikuwa juu yake, nilimwogopa baba yake atanifanya nini.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya Babu Mkumbo, aliyefundisha kwaya ile kabla hatujazaliwa. Tulipofika hata shikamoo ilinitoka kwa kigugumizi. Akamtazama mgonjwa, akawaambia wenzetu, "Mpelekeni zahanati, na asiseme neno lolote, hata kwa kunong'ona." Kisha akaninyooshea fimbo. "Wewe baki. Ilete hiyo redio."

Nikaiwasha. Mimi nilidhani atasikiliza sauti ya tatu, kumbe masikio yake yako kwingine.

"Hii sauti ya nne, hii besi, ni ya watoto?" akauliza.

"Hapana, babu. Ni ya wanaume."

"Wanaume gani wanalia kama vifaranga? Hebu sikia na maneno yanavyokimbizana, hawapati hata nafasi ya kuvuta pumzi. Redio yako inakwenda mbio, mjinga wewe! Ikienda mbio, wimbo wote unapanda juu. Hata huyo aliyeimba hajawahi kufika huko. Umemtuma mwenzako akakimbize kitu ambacho hakipo."

Nililia pale pale uani kwake. Wiki zote hizo nilikuwa nasikiliza sauti moja tu, ile ya kujisifia, sikuwahi hata mara moja kuisikiliza sauti ya nne. Mashindano hatukwenda. Rafiki yangu alikaa kimya zaidi ya mwezi, anaongea kwa mikono, nami kila asubuhi nikiamka nakwenda kwao nikajue kama sauti imerudi. Ilirudi, lakini ya kuongelea tu, tena yenye mkwaruzo. Ya kuimba haikurudi.

Mimi nami nikawa siwezi kuimba. Nikikaribia pale juu, koo linajifunga lenyewe kwa woga. Babu Mkumbo akaniita. Akanipa wimbo wa kubembelezea mtoto, wa Kinyaturu, ule mama zetu walituimbia mgongoni. Nikaguna, "Babu, huo si wa wanawake?"

"Umeharibu sauti ya mwanaume kwa wimbo wa wanaume," akasema. "Imba."

Akanieleza kuwa mwanaume ana sauti ya kifua na ana ile nyembamba ya kichwani, na ujinga wetu ni kuiona moja ya kiume na nyingine ya kike. Akasema dereva anayepanda mlima wa Sekenke habadilishi gia gari likishalia. Anabadilisha mapema, taratibu, abiria hata hawajui. Ndivyo unavyotakiwa kuanza kuichanganya ile nyembamba na ya kifua, mapema, kabla hujafika kileleni. Na hapo huwezi kujifunza kwa kelele. Yule mtoto wa mgongoni ukipiga kelele si anaamka? Basi wimbo wenyewe unakulazimisha kwenda polepole.

Sasa sikia ninachokuambia, maana umechaguliwa kuanzisha wimbo mwezi ujao na naona umeshaanza njia ile ile. Huo wimbo wa simuni nimeusikiliza. Besi zake ni vifaranga wale wale! Kuna watu wameuharakisha kwa kuchezea, wakaurusha mtandaoni, na wewe unaufukuza. Kabla hujachukua wimbo wa mazoezi, sikiliza sauti ya nne kwanza. Kama si ya mtu mzima, uache. Chagua unaogusa juu kidogo tu na kurudi, usichukue unaokaa huko ubeti mzima. Wa kuanzia juu kwa upole ukashuka ni mzuri kuliko wa kupanda kwa kishindo. Na pale juu pawe na neno lenye "u" au "i", maana "a" pana humshawishi kijana kupiga kelele. Ukiweza kuuimba polepole bila kukatika, ndipo uongeze nguvu, kidogo kidogo. Ukisikia koo linawaka, nyamaza siku hiyo, na likiendelea nenda hospitali, achana na mayai. Wakikucheka ile nyembamba, waache wacheke. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Jina nililolichelewesha ni la baba yako.

Najua amekuambia ni vumbi la mashine ya kukamulia alizeti ndilo lililomharibu koo. Amenifichia aibu yangu miaka yote hii, na mimi nikamwachia anifichie. Ulipozaliwa aliniita kwenu. Alikuwa amekupakata, akajaribu kukubembeleza, ukatoka ule mkwaruzo, nawe ukashtuka ukalia. Akanitazama akasema, "Muimbie wewe." Nikakuimbia wimbo wa Babu Mkumbo, yeye amekushika, machozi yanamtoka. Sijawahi kuogopa noti yoyote kama nilivyoziogopa zile.

Basi kapumzike mpaka koo lipoe. Likipoa, wimbo wako wa kwanza wa mazoezi uwe huo, nitakufundisha mwenyewe, na ukiuweza usiniimbie mimi. Nenda ukamwimbie baba yako. Mungu akulindie hilo koo, mwanangu, akupe na masikio ya kusikia, na ile sauti niliyomnyang'anya mwenzangu airudishe nyumbani kwenu kupitia wewe. Amina.